Visa ya Luxembourg: mambo ya kujua kabla ya kutoa franga

Kwetu huku hakukosi mtu wa kukuambia kama anaweza kukupatia "visa ya Schengen". Anakuambia nchi haina maana, mnachukua ile iliyo rahisi, kisha ukifika Bulaya utaenda unapotaka. Kuna jamaa zilizouza shamba ama ngombe juu ya maneno kama hayo, na mwisho mtu hakupanda ndege. Leo tunachukua nchi moja ndogo, Luxembourg, ili tuone sheria yenyewe inasema nini.

Luxembourg iko katikati ya Ubelgiji, Ufaransa na Ujerumani. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 2,586, yaani karibu sawa na Ziwa Kivu. Wakaaji wake wanapita 670,000, na karibu nusu yao ni watu wa nchi zingine. Wanasema Kiluxembourg, Kifaransa na Kijerumani. Mkongomani anayejua Kifaransa hawezi kupotea kule.

Ili maelezo yasibaki hewani, tufikirie mama mmoja wa Butembo. Binti yake ameolewa Luxembourg, anakaribia kuzaa mtoto wa kwanza, na anataka mama yake amsaidie kwa wiki ine. Huyo mama anapashwa kufanya nini?

Jina Schengen lilitoka wapi

Wengi wanafikiri Schengen ni jina la ofisi. Hapana. Ni kijiji cha Luxembourg, kwenye mto Moselle. Tarehe 14 Juni 1985, nchi tano (Luxembourg, Ubelgiji, Uholanzi, Ufaransa na Ujerumani) zilitia saini pale, ndani ya mashua, mapatano ya kuondoa ukaguzi kwenye mipaka kati yao. Leo nchi hizo zimefika 29. Uingereza na Ireland hazimo.

Ndiyo maana Luxembourg haina visa ya matembezi iliyo tofauti na ya wengine. Sheria ni moja kwa nchi zote 29. Mwenye kuipata anaweza kushuka Brussels ao Paris, akapanda treni mpaka Luxembourg bila kuombwa visa ingine.

Visa ya siku 90, na ile ya kukaa

Mkongomani mwenye pasiporti ya kawaida anahitaji visa hata kwa siku moja. Visa ya matembezi, ya kuona jamaa, ya biashara ao ya mkutano inaitwa visa C. Inaruhusu kukaa siku 90 zaidi, ndani ya kila siku 180. Haikupi ruhusa ya kufanya kazi.

Kwa kazi, masomo ao kuungana na bwana ao bibi, njia ni ingine. Hapo ombi linatumwa kwanza kwa idara ya uhamiaji ya Luxembourg, na mtu anangojea jibu akiwa angali kwao. Wakikubali, ndipo anaomba visa D. Anayekuambia "ingia na visa ya matembezi, mambo ya kazi tutatengeneza kule" anakupeleka kwenye shida.

Mama yetu wa Butembo anaomba visa C, sababu ikiwa kutembelea jamaa.

Unaomba kwa nani, na wapi

Hapa ndipo uongo wa wauza-visa unaonekana. Sheria inasema unaomba kwa nchi ambayo ndiyo mwisho wa safari yako, pale utakapokaa siku nyingi zaidi ao palipo sababu kubwa ya safari. Kama siku ziko sawa katika nchi mbili, unaomba kwa ile utakayoingia kwanza. Mama anaenda kwa binti yake Luxembourg, basi anaomba visa ya Luxembourg, hata kama ndege itamshusha Brussels. Akiomba visa ya nchi ingine kwa kusema uongo juu ya safari, wanaweza kuikataa, ao kuifuta hata kisha kuitoa.

Luxembourg haina ambasade Kinshasa. Ubelgiji ndiyo inapokea dosye zake, kwenye Kituo cha Ulaya cha Visa, ambacho watu wengi wangali wanakiita Maison Schengen, jina lake la zamani. Kabla ya kununua tiketi, angalia kwanza kwenye tovuti rasmi ya kituo namna ya kupata randevu, kwa sababu taratibu zinabadilika.

Kwa watu wa mashariki, Kinshasa ni mbali. Kutoka Goma, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilometa 1,500, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa tangu mwisho wa Januari 2025 kwa sababu ya vita. Wengine wanauliza: juu ya nini tusiende Kigali, ni karibu? Tarehe 17 Machi 2025 Rwanda ilikata uhusiano wa kidiplomasia na Ubelgiji, na ambasade ya Ubelgiji pale ikafungwa. Tena, sheria inasema mtu anaomba visa katika nchi anamoishi kwa halali. Ukienda kuomba Kampala ao kwingine na huna karatasi za kuishi kule, unapashwa kueleza sababu, na wanaweza kukuambia urudi kuombea kwenu.

Hakuna mtu anayeweza kwenda kwa niaba yako mara ya kwanza. Wanachukua alama za vidole kumi na picha. Alama hizo zinaweza kutumiwa tena kwa visa ya nyuma ndani ya miezi 59. Watoto wa chini ya miaka 12 hawachukuliwi vidole.

Vitu vya kuweka ndani ya dosye

- Pasiporti iliyotolewa ndani ya miaka 10 ya mwisho, yenye kurasa mbili tupu, na itakayobaki na nguvu miezi 3 kisha siku ya kutoka Bulaya.
- Fomu iliyojazwa na kutiwa saini, pamoja na picha.
- Asiransi ya safari yenye kufunika matunzo ya hospitali na kurudishwa nyumbani, isiyo chini ya euro 30,000, kwa nchi zote za Schengen na kwa siku zote za safari.
- Karatasi za kuonyesha sababu ya safari: mwaliko, ao hoteli, ao programu ya mkutano.
- Karatasi za kuonyesha utaishi na nini: mwendo wa konti ya benki, mshahara, ao prise en charge ya jamaa.
- Karatasi za kuonyesha kwamba utarudi: kazi, biashara iliyoandikishwa, nyumba, shamba, watoto waliobaki, ndoa.
- Kwa mtoto, ruhusa ya wazazi wake.

Jambo hili la kurudi ndilo linaangusha wengi. Mama wa Butembo anauza vitenge sokoni, hana mshahara wala karatasi ya kazi. Asitengeneze kontra ya uongo. Aonyeshe yaliyo kweli: patente yake, karatasi ya shamba, shahada za kuzaliwa za watoto aliobaki nao. Karatasi moja ya uongo ikionekana, dosye yote inaanguka pamoja nayo.

Prise en charge ya Luxembourg

Kama wewe ndiye unaalikwa na jamaa, mwenye kazi kubwa ni yule aliye kule. Binti anajaza fomu inayoitwa "engagement de prise en charge". Anaahidi mbele ya serikali kwamba atalipa chakula, malazi, matunzo na safari ya kurudi kama mama atakosa. Anaipeleka kwenye komine anakoishi ili wahakikishe saini yake, kisha idara ya uhamiaji inaipitisha. Anaombwa pia kuonyesha mapato yake.

Ni ahadi yenye nguvu ya sheria. Mgeni akiacha deni la hospitali, serikali inaweza kumdai aliyemwalika. Kwa hiyo tusiwakasirikie jamaa wa Bulaya wakisita kutia saini kwa mtu wasiyemjua vizuri.

Bei na siku

Tangu tarehe 11 Juni 2024, visa C ni euro 90 kwa mtu mkubwa na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka 11. Chini ya miaka 6 hakuna malipo. Kama kuna kampuni inayopokea dosye kwa niaba ya ambasade, inaweza kuongeza malipo ya kazi yake. Wakikukatalia, franga hazirudi.

Dosye inaweza kuwekwa kuanzia miezi 6 mbele ya safari, na isiwe chini ya siku 15. Jibu linatoka kwa kawaida ndani ya siku 15, lakini linaweza kufika siku 45. Mama anayengojea mjukuu aanze mapema, kwa sababu mtoto hatangojea ambasade.

Kupita tu uwanjani

Wakongomani ni kati ya mataifa 12 yanayoombwa visa ya kupita uwanja wa ndege katika nchi zote za Schengen. Hata kama unaenda nchi ingine isiyo ya Bulaya, na unabadilisha ndege Brussels ao Paris bila kutoka uwanjani, unaombwa visa A. Wenye visa ya Schengen yenye nguvu, na wengine wenye visa ama karatasi za kuishi za nchi fulani, hawaombwi. Uliza kabla ya kulipa tiketi, si kisha.

Ukiisha kupata visa, isome

Juu ya visa kuna tarehe mbili, na pembeni kuna hesabu ya siku. Watu wanachanganya. Tufikirie visa inaandika kutoka tarehe 1 Machi mpaka 15 Aprili, siku 30. Maana yake unaweza kuingia siku yoyote ndani ya tarehe hizo, lakini unakaa siku 30 tu, ukihesabu siku ya kufika na siku ya kutoka. Aliyeingia tarehe 1 Machi anapashwa kutoka tarehe 30 Machi, si 15 Aprili.

Tangu tarehe 12 Oktoba 2025, nchi za Schengen zilianza kuandika kwa mashine kila mgeni anayeingia na kutoka, na siku zilizopita zinaonekana zenyewe. Kuzipitisha kunaharibu maombi yako ya kesho.

Beba nakala za mwaliko, asiransi na prise en charge ndani ya mfuko wa mkononi. Polisi wa mpaka wana haki ya kukuuliza tena, na wanaweza kukurudisha hata ukiwa na visa. Ukifika Luxembourg na kulala kwa jamaa, nenda komine ndani ya siku 3 kutoa taarifa ya kufika kwako. Kwa hoteli, hoteli yenyewe inakuandikisha. Na kuzunguka nchini, basi na treni za daraja la pili ni bure kwa wote tangu mwaka 2020.

Wakikataa

Wanapashwa kukupa karatasi yenye kuonyesha sababu: safari haikuelezwa vizuri, mapato hayatoshi, ao wana mashaka kama utarudi. Una haki ya kupinga, kwa nchi iliyokata shauri. Siku za kufanya hivyo na mahali pa kupeleka vinaandikwa kwenye karatasi hiyo hiyo, kwa hiyo usiitupe kwa hasira. Unaweza pia kuomba upya, lakini ukirudisha dosye ile ile, jibu litakuwa lile lile.

Namna ya kumtambua mdanganyifu

Anakuhakikishia visa mia kwa mia. Anataka pasiporti yako ibaki kwake. Anakuambia usiende kutoa vidole, "atapanga" na watu wa ndani. Siku hizi wengine wataanza kuuza "ETIAS" kwa Wakongomani. Hiyo ruhusa ni ya watu wa nchi zisizoombwa visa, kwa hiyo sisi haituhusu hata kidogo.

Kulipa mtu akusaidie kujaza fomu ao kupiga nakala si kosa. Lakini soma kila mstari kabla ya kutia saini, kwa sababu uongo ulioandikwa na mkono wake utahesabiwa kuwa wako. Na malipo ya visa yenyewe yanafanywa kwenye kituo ao kwa njia ambayo kituo kimeonyesha, na unapewa risiti yenye jina lako.