Kuunganisha kompyuta za ofisi na seva ya kanisa: barua pepe, mazungumzo na mafaili



Katika ofisi nyingi za kanisa, kazi yote inapita katika simu ya mtu mmoja. Barua za msimamizi zinaingia kwa anwani yake mwenyewe, orodha za washiriki ziko kwake, ripoti ya sadaka iko kwake. Akihamishwa, vyote vinahama naye. Hapa Kamina niliona parokia moja ambayo katibu wake aliibiwa simu akiwa safarini, na orodha ya ubatizo ya miaka minne ilikuwa katika simu ile tu. Wazazi walipokuja kuomba cheti cha mtoto, tulikaa na wazee kuuliza nani anakumbuka. Majina mengine tuliyapata, mengine hatukuyapata mpaka leo.

Kwa sababu hiyo ofisi kadhaa sasa zinaweka seva yao wenyewe. Mara nyingi fundi anaiweka vizuri, anaondoka, na watu wa ofisi wanabaki hawajui kuunganisha kompyuta zao. Makala hii ni kwa ajili yao. Isome mara moja yote, kisha uirudie hatua kwa hatua ukiwa mbele ya kompyuta.

Seva ni nini, na kwa nini iwe yetu

Seva ni kompyuta inayokaa imewaka ili kompyuta nyingine zije kuchukua na kuweka vitu. Inaweza kuwa mashine ndogo katika ofisi yenyewe, ikila umeme wa sola, au mahali palipokodiwa katika jumba la kompyuta mbali. Juu yake kunakuwa na huduma tatu: barua pepe, mazungumzo ya maandishi, na ghala la mafaili.

Seva iliyo ndani ya ofisi ina faida moja tuliyoifahamu kwa uchungu. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa katika nchi yetu kwa majuma karibu matatu. Ofisi iliyotegemea huduma za ng'ambo tu ilinyamaza. Lakini kompyuta zilizounganishwa na seva ya ndani, kwa waya au kwa Wi-Fi ya ofisi, zinaweza kuendelea kuandikiana na kufungua mafaili bila intaneti yoyote. Hazifiki Bukama au Kabongo, lakini kazi ya ofisi haisimami.

Mambo ya kumwomba fundi kabla hajaondoka

Mwombe ayaandike katika karatasi moja, kwa herufi zinazosomeka:

1. Jina kamili la seva ya barua, la mazungumzo na la mafaili. Yanaweza kuwa majina matatu tofauti.
2. Namba za milango. Huduma hupita katika mlango wenye namba. Namba ikikosewa, hakuna kinachofunguka.
3. Jina la mtumiaji. Kwa barua pepe, mara nyingi ni anwani nzima, pamoja na alama ya @ na sehemu inayoifuata.
4. Neno la siri la kila mtu, ambalo mwenyewe atalibadilisha siku ya kwanza.
5. Namna ya kuingia ukiwa nje ya ofisi.
6. Mahali nakala za akiba zinapowekwa, na siku zinapofanywa.

Karatasi hii isibandikwe ukutani. Ikae ndani ya sanduku linalofungwa.

Barua pepe

Programu nzuri ya bure kwa kompyuta ni Thunderbird, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2004. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na ina Kifaransa. Ukiifungua mara ya kwanza, itakuomba jina lako, anwani na neno la siri, halafu itajaribu kutafuta seva yenyewe. Ikishindwa, usikate tamaa: chagua kuweka mambo kwa mkono, ujaze hivi:

- Barua zinazoingia: aina IMAP, mlango 993, ulinzi SSL/TLS.
- Barua zinazotoka: SMTP, mlango 465 wenye SSL/TLS, au mlango 587 wenye STARTTLS.
- Jina la mtumiaji: anwani nzima, isipokuwa fundi amesema vingine.

Utaona pia aina nyingine ya kupokea, inayoitwa POP. Tofauti yake ni kubwa. IMAP inaacha barua kwenye seva, na kila kompyuta inaona sanduku lile lile. POP inazichukua kuzileta kwenye kompyuta moja, na mara nyingi inazifuta kwenye seva. Ofisi ambayo katibu na mchungaji wanasoma sanduku moja itumie IMAP. Wengi waliolalamika kwamba barua zimepotea walikuwa wamechagua POP bila kujua. Barua zote zilikuwa zimelala katika kompyuta ya mwenzao.

Kwa wanaonunua mega kidogo kidogo: Thunderbird kwa kawaida hushusha barua zote za IMAP, pamoja na picha na mafaili yaliyoambatanishwa, ili uzisome hata bila mtandao. Ingia katika mipangilio ya akaunti, sehemu ya usawazishaji, uiambie ishike barua za siku za karibuni tu, na isishushe barua inayozidi ukubwa utakaoandika. Unaweza pia kuifanya ikae nje ya mtandao: unaandika majibu yako yote jioni, yanangoja katika sanduku la kutoka, na asubuhi mtandao ukipatikana yanaondoka pamoja.

Ikiwa barua zinaingia lakini hazitoki, angalia kwanza ile SMTP. Kuingia na kutoka ni milango miwili tofauti, na mtu anaweza kurekebisha neno la siri upande mmoja akasahau wa pili. Ikiwa zinatoka lakini wapokeaji wanazikuta kati ya barua taka, hilo si kosa la kompyuta yako. Fundi aangalie maandishi ya SPF, DKIM na DMARC katika jina la mtandao la kanisa. Kwa hayo, seva nyingine zinajua kwamba barua imetoka kwetu kweli.

Mazungumzo

Hapa kuna njia mbili zinazotumika sana, nazo hazifunguki kwa programu moja. Uliza kwanza seva yenu inatumia ipi.

Ya kwanza ni XMPP, iliyoanza mwaka 1999 kwa jina la Jabber. Ni nyepesi, na inafaa mtandao dhaifu. Kwenye Windows na Linux tumia Gajim. Anwani yako inafanana na ya barua pepe: jina, alama ya @, kisha jina la seva. Ukiandika anwani na neno la siri, mara nyingi programu inapata mengine yenyewe. Ikiuliza mlango, ni 5222.

Ya pili ni Matrix, na programu yake inayojulikana zaidi ni Element. Hapa kuna kosa moja ambalo karibu kila mtu analifanya: Element ikifunguliwa, inakuwa imeelekezwa kwenye seva ya matrix.org, si ya kwenu. Ukiandika jina lako na neno la siri hapo, itakujibu kwamba umekosea, hata kama umeandika sawasawa. Badilisha kwanza jina la seva, uweke la kanisa, ndipo uingie.

Element itakupa pia ufunguo wa kurudisha mazungumzo, yaani mstari mrefu wa herufi na namba. Watu wanaupita haraka haraka. Usiupite. Mazungumzo yaliyofungwa kwa siri hayasomeki hata na mwenye seva. Kompyuta yako ikifa na ufunguo huna, mazungumzo ya zamani hayatafunguka tena. Uandike kwenye karatasi, uuweke pamoja na ile ya fundi.

Mafaili

Seva nyingi za namna hii zinatumia Nextcloud, iliyoanzishwa mwaka 2016. Ina programu ya kompyuta inayotengeneza folda moja; kila unachoweka ndani yake kinapanda kwenye seva na kushuka kwa wenzako.

Fungua programu, andika anwani ya seva ikianza na https://, ukurasa wa kuingia utafunguka, ingia na ukubali. Halafu chagua folda. Usikubali kushusha vyote bila kuangalia: video moja ya mkutano wa akina mama inaweza kumaliza mega za mwezi. Chagua folda unazohitaji tu. Katika mipangilio ya mtandao unaweza pia kupunguza mwendo wa kupanda na kushuka, ili wengine ofisini nao wapate kufanya kazi.

Mambo matatu ya kukumbuka:

*Watu wawili wakibadilisha faili moja kwa wakati mmoja bila mtandao*, hakuna kinachofutwa. Litatokea faili la pili lenye tarehe ndani ya jina lake, kuonyesha kwamba kuna mgongano. Fungua yote mawili, linganisha, kisha uache moja. Kwa hesabu za sadaka, afadhali mhazini peke yake awe na ruhusa ya kuandika, na wengine wasome tu.

*Usawazishaji si akiba.* Ukifuta faili kwako, linafutika kwa wote. Linakaa katika kapu la taka kwenye seva, kwa kawaida siku 30, kisha linaweza kuondoka kabisa. Kwa hiyo iwepo nakala nyingine, kwenye diski inayokaa nje ya ofisi. Mwizi akiingia au moto ukiwaka, seva na kompyuta vitakwenda pamoja.

*Ikiwa mmeweka ulinzi wa hatua mbili*, neno lako la siri la kila siku halitatosha kwa Thunderbird unapotaka kuona kalenda na anwani za Nextcloud. Ingia kwenye ukurasa wa Nextcloud, sehemu ya usalama, utengeneze neno la siri la programu. Faida yake ni hii: kompyuta ikiibwa, unafuta neno lile moja, na zingine zinaendelea.

Onyo la cheti, na saa ya kompyuta

Siku moja programu itakuambia kwamba cheti cha seva hakiaminiki. Usibonyeze kukubali. Cheti ndicho kinachothibitisha kwamba unazungumza na seva yenu na si na mtu aliyejiweka katikati.

Kabla ya kumwita fundi, tazama saa na tarehe pembeni mwa skrini. Kompyuta nyingi tulizonazo ni za zamani; betri ndogo ya ndani imekufa, na umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Kompyuta inayofikiri iko katika mwaka 2010 inaona kila cheti kuwa kibaya. Rekebisha tarehe, ujaribu tena. Betri hiyo ni ya bei ndogo kuliko safari moja ya fundi.

Tarehe ikiwa sawa, huenda cheti kimekwisha. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt kwa desturi vimedumu siku 90, na seva huvifanya upya zikibaki siku 30 hivi. Kwa kufanya hivyo inahitaji intaneti. Fanyeni hesabu: kukatwa kwa majuma matatu, kama kule kwa 2018 na 2019, kunapita bila kuvunja kitu, lakini kwa siku chache tu. Mtandao ukirudi baada ya kimya kirefu, jambo la kwanza liwe kuangalia cheti.

Jambo la mwisho la fundi: jina la seva lazima lifahamike ndani ya ofisi hata intaneti ikiwa haipo. Mjaribu mbele yake. Zima modemu, kisha fungua barua na mafaili. Visipofunguka, kazi yake haijakwisha, hata kama seva iko mezani mbele yenu.

Siri za watu

Ndani ya seva ya kanisa mna barua za wenye ndoa wanaotaabika, majina ya wagonjwa, hesabu za sadaka. Waliotuandikia walituamini. Nchi yetu nayo ina Kodi ya Dijitali, iliyotolewa tarehe 13 Machi 2023, inayogusa pia ulinzi wa habari za watu. Basi kila mtu awe na akaunti yake. Neno moja la siri kwa ofisi nzima lisiwepo. Anayehamishwa afungiwe akaunti siku ya makabidhiano, kama anavyorudisha funguo za nyumba. Na anwani za ofisi ziitwe kwa kazi, si kwa jina la mtu, ili mchungaji mpya akifika akute barua zinamngoja.

Tena, watu wawili wajue kuingia katika seva kama wasimamizi, si mmoja. Yule wa pili ndiye atakayeokoa kazi siku wa kwanza akiugua. Maneno yao ya siri yawekwe ndani ya bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi na wazee wawili, katika sanduku lile lile la kitabu cha ubatizo. Na kile kitabu cha karatasi, wapendwa, msikiache. Katibu aendelee kukiandika kwa kalamu kila Jumapili, kisha Jumatatu ainakili orodha kwenye seva.