Kasa Alipewa Mlango, Kaa Akaachwa: Historia ya Trola za Ungwana

Najua swali liko njiani: kijana wa Kiogoro na kamba wa baharini, wapi na wapi? Huku kwetu ukisema kamba mtu anawaza ile ya kufungia ng'ombe. Kamba ninayemwandika leo ni mnyama, ana gamba, masharubu marefu na miguu kumi, na watu wengi wa huku juu hawajawahi kumwona hata kwa sahani. Lakini ni mali ya Kenya kama chai na ndizi zetu, na historia yake inatuhusu kuliko tunavyodhani. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo hakuna mhadhiri wa kunisahihishia hii kazi. Msahihishe nyinyi.

Tuanze na ramani. Toka Malindi ukielekea kaskazini, pwani inajikunja kwa ndani mpaka Kipini. Hilo pindo ndilo Ghuba ya Ungwana. Ramani za zamani za Wazungu ziliiita Formosa, neno la Kireno la kusema "nzuri". Mito miwili mikubwa inamwagikia hapo. Tana inaleta maji ya Mlima Kenya na Aberdare. Sabaki ni ule ule Athi uliobadilisha jina njiani, kwa hivyo unabeba udongo wa Ukambani pamoja na uchafu wa Nairobi. Ukiosha gari Nairobi, kuna kamba anayajua hayo maji.

Na kamba anaupenda huo uchafu, namaanisha ule tope. Mama kamba hutaga baharini. Watoto, wadogo kuliko punje ya wimbi, husukumwa na maji hadi kwenye mikoko na midomo ya mito, wanakula na kukua huko, kisha wakishapata mwili kidogo wanarudi baharini kuzaa. Maisha yake yote ni kama mwaka mmoja. Kwa hivyo kamba hakai bahari kuu. Anakaa hapo karibu, kwenye maji mafupi yenye matope, mahali pale pale ambapo mvuvi wa Ngomeni au Kipini anafika kwa mtumbwi na wavu wake. Shika hiyo, kwa sababu vita vyote vinatoka hapo.

Trola, zile meli zinazoburuta nyavu chini ya bahari, zilianza kazi Ungwana miaka ya 1970, baada ya utafiti kuonyesha kwamba hapo ndipo penye kamba wa kutosha biashara. Kwa pembeni tu: ni miaka hiyo hiyo ambapo mbele ya Ngomeni palisimama jukwaa la San Marco la Waitaliano, na tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka hapo kwenda kuchunguza miale ya nyota. Fikiria mvuvi ameketi ufukweni. Juu yake roketi inapanda, mbele yake meli inakwangua bahari. Hakuna hata moja aliyoulizwa.

Sasa wavu wa trola unafanyaje kazi? Ni kama gunia refu lenye mdomo mpana. Pande mbili za mdomo kuna mbao nzito zinazosukumwa na maji ili gunia libaki wazi. Chini kunapita mnyororo unaoburutwa kwenye matope. Kamba akigutushwa na huo mnyororo anaruka juu, na akiruka tu, gunia limempitia. Wavu unaburutwa kwa saa kadhaa, kisha unavutwa na kumwagwa juu ya meli.

Shida ni kwamba kamba ni mdogo, kwa hivyo macho ya wavu lazima yawe madogo. Na wavu hauna akili ya kuchagua. Kinachomwagwa pale si kamba peke yake: kuna samaki wa kila aina na wengi wao wachanga, kuna kaa wa kuogelea, kaa wadogo wasio na soko, kamba wale wa mikono kama ya vunjajungu, mara moja moja kambakoche. Na kuna kamba wenyewe, watoto, ambao hawajafika saizi ya kuuzwa. Hii ya mwisho ndiyo ilinifanya nianze kusoma hii maneno yote. Meli inayotafuta kamba inaua kamba wa mwaka ujao na kuwarudisha majini wakiwa wafu, kwa sababu leo hawana bei.

Mabaharia huchagua kwa haraka. Chenye thamani kinaenda kwenye barafu, kingine kinasukumwa baharini. Watu husema kaa ni mgumu, akirudishwa majini ataishi. Wengine wanaishi kweli, kaa ana roho ngumu kuliko samaki. Lakini huyo ameburutwa saa nzima na zaidi chini ya uzito wa wenzake, ameng'olewa makucha, halafu amelala juu ya chuma kwenye jua la Malindi akisubiri zamu ya kuchaguliwa. Gamba likishapasuka, kumrudisha majini ni kuwapa ndege na papa chakula.

Hili si jambo la Kenya peke yake. Ripoti ya FAO ya mwaka 2005 ilikadiria kwamba uvuvi wa baharini duniani ulikuwa unatupa tani milioni 7.3 kwa mwaka, na trola za kamba peke yake zilibeba zaidi ya robo ya mzigo huo. Robo, kwa kiumbe anayeliwa zaidi na watu wenye vitambaa mezani.

Turudi kwetu. Sheria ya Kenya ya zamani ilisema trola isivue ndani ya maili 5 za baharini kutoka ufukweni. Hiyo ni kilomita 9 na kitu. Kwenye karatasi inapendeza sana. Lakini nimeshawaambia kamba anaishi wapi. Serikali ilitoa leseni ya kuvua kamba, kisha ikachora mstari unaoiambia meli ikavue mahali ambapo kamba ni wachache. Wewe unadhani meli zilifanya nini? Ziliingia ndani. Mimi siilaumu meli peke yake hapa. Ukimpa mtu leseni ya kuchuna chai halafu umwambie asiingie shambani, unajua vizuri unachomfundisha.

Na ndani kulikuwa na watu. Jarife la mvuvi hutegwa na kuachwa. Trola ikipita, inaondoka na wavu wote, na huo wavu pengine ulinunuliwa kwa mkopo. Mvuvi hana risiti ya kumdai mtu, hana jina la meli iliyopita gizani. Halafu asubuhi anaona samaki wafu wameletwa na mawimbi, wale wale aliokuwa akiwasubiri wakue. Malalamiko hayo yalilimbikizana miaka na miaka, hadi mwaka 2006 serikali ikapiga trola marufuku Ungwana.

Takwimu za kipindi hicho zinasema mengi. Kamba wa trola walishuka kutoka kama tani 550 mwaka 2001 hadi kama tani 250 mwaka 2006. Yaani kabla hata ya marufuku, meli zilikuwa tayari zinakwangua sufuria. Uwiano wa kamba kwa samaki wasiokusudiwa uliwahi kuripotiwa mwaka 1999 kuwa kilo 1 kwa kilo 7. Baadaye ukapatikana kilo 1 kwa kilo 1.5. Wengine wanaisoma hiyo kama habari njema, kwamba nyavu zimekuwa bora. Inawezekana. Lakini uwiano pia hushuka ukiwa umeshamaliza wale wa kutupwa, na mimi mtu akiniambia takataka zimepungua nyumbani kwake, kwanza naangalia kama bado wanakula.

Watafiti walilinganisha kabla na baada ya marufuku, na ndani ya miaka miwili samaki wa wavuvi wadogo walikuwa wameanza kurudi kwa kasi. Ila kamba wa wavuvi wadogo hawakurudi hivyo, waliendelea kupungua. Hapa watu wa mitandao hupenda kuruka. Mimi siruki. Inaonyesha trola si adui pekee: kuna mikoko inayokatwa, kuna mabwawa ya Tana kama Masinga la mwaka 1981 yanayobadilisha mafuriko ambayo mdomo wa mto uliyazoea, kuna juya za wavuvi wenyewe ambazo nazo hukokota watoto. Mvuvi mdogo si malaika kwa sababu tu ni mdogo.

Marufuku haikudumu. Mwaka 2010 ukaandikwa mpango wa kusimamia uvuvi wa kamba, na 2011 trola zikarudi. Kulikuwa na masharti: msimu ufungwe kuanzia Novemba hadi mwisho wa Machi, wavue mchana tu, nyavu ziwe na kifaa cha kutolea kasa. Na ule mstari? Ukasogezwa kutoka maili 5 hadi maili 3. Meli ilikuwa imevunja sheria miaka yote hiyo, na mwishowe sheria ndiyo iliyosogea.

Hebu tuongee kuhusu hicho kifaa cha kasa, kwa sababu hapo ndipo kichwa cha hii makala kilipotoka. Ni dirisha la vyuma linalofungwa ndani ya wavu kwa mshazari. Kasa akigonga vyuma anateleza na kutokea kwenye mlango aliowekewa, kamba anapita katikati ya vyuma na kuishia mwisho wa gunia. Kilibuniwa na mvuvi wa Georgia, Marekani, Sinkey Boone, na cha kuchekesha ni kwamba hakuwa akiwaza kasa. Alikuwa amechoka na viwavi wa baharini, wale wa kuwasha, waliokuwa wakijaza wavu wake. Mwaka 1989 Marekani ikapitisha sheria: nchi isiyolinda kasa kwa kiwango chao isiwauzie kamba. India, Malaysia, Pakistan na Thailand zikaipeleka Marekani kwenye Shirika la Biashara Duniani, na uamuzi wa rufaa ukatoka 1998. Mawakili, majaji, magazeti, wote kwa ajili ya kasa.

Na nakubali, kasa alistahili. Lakini nafasi kati ya vile vyuma ni kama sentimita 10. Kaa anapita hapo. Kamba mtoto anapita. Samaki mchanga anapita. Kifaa kilichofanya dunia ijisikie vizuri hakimsaidii hata kiumbe mmoja mwenye ukubwa wa kiganja changu. Kasa ana macho ya huzuni na anapendeza kwenye picha. Kaa anatembea upande, hana mtetezi.

Sasa mtu asiseme haya ni mambo mapya ya wanamazingira. Mwaka 1376, Uingereza, wavuvi walimpelekea mfalme Edward III ombi kupitia bunge, wakilalamika kuhusu wavu mzito wa kuburuta uliokuwa ukinasa samaki wadogo wengi mno hadi watu wakawalisha nguruwe kuwanenepesha. Miaka 650 imepita na lalamiko ni lile lile neno kwa neno.

Watu wa Kisii mnaofuga kuku mnajua naenda wapi. Ziwa Victoria tunaloliona kama jirani lina kamba wake pia, mdogo sana, Wajaluo wanamwita ochonga. Ananaswa kwenye nyavu za omena bila kukusudiwa, anakaushwa pamoja nao, na mwingi wake unaishia kwenye chakula cha mifugo. Na ziwa liliwahi kuwa na trola zake. Mwaka 1976 kilianzishwa kiwanda Mwanza cha kusaga furu, wale samaki wadogo wadogo, kuwa unga wa kulisha mifugo, na trola ndizo zilizokilisha. Miaka kumi baadaye furu walikuwa wameisha karibu wote pale, kati ya trola na sangara aliyekuwa akiwameza. Leo nchi tatu za ziwa zimekataza trola.

Tanzania nao baharini walifika ukutani: kamba wao walipoporomoka, trola za kamba zikasimamishwa 2008. Indonesia ilikuwa imezipiga marufuku tangu 1980 kwa amri ya rais. Sisi tulisimamisha tukarudisha, na mwaka 2018 tukakaribisha dunia Nairobi kwa mkutano mkubwa wa uchumi wa buluu.

Msimamo wangu? Sisemi trola zote zife kesho, kuna watu wanaokula kwa kazi hiyo Mombasa. Nasema leseni iuzwe kwa kile inachoua, si kwa kile inacholeta bandarini. Takwimu zetu za uvuvi huhesabu kilo zilizoshushwa. Kamba hivi, kaa hivi, kambakoche hivi. Kaa aliyesukumwa baharini saa nne asubuhi hajashushwa popote, kwa hivyo kwa serikali hajawahi kuwepo. Weka mwangalizi kwenye kila meli, ahesabu kila gunia linalomwagwa, watoto wa kamba kwanza, na karatasi hiyo ibandikwe kwa ofisi ya BMU Ngomeni na Kipini kabla msimu wa Aprili haujafunguliwa. Halafu ule mstari wa maili 3 urudi pale ulipokuwa, na kama meli haiwezi kupata faida nje ya maili 5, basi irudishe leseni.