Halley juu ya Meru, na kiini kisichoonekana

Mei 1910, boma la wakoloni mjini Meru lilikuwa na umri wa miaka miwili tu tangu Edward Horne alifungue. Mwanzoni mwa mwezi huo Nyotamkia ya Halley ilichomoza kabla ya alfajiri upande wa mashariki, kule ambako ardhi inateremka kuelekea Tharaka. Baada ya tarehe 20 ilihamia magharibi, ikawa ya jioni, na huko Mlima Kenya huziba sehemu ya upeo. Ongeza mawingu ya masika, uone wenyeji walivyoitazama kwa kuviziana nayo.

Mwezi huohuo, huko Mount Wilson, California, wanaastronomia waliipiga picha kwenye sahani za kioo. Kiini cha Halley kina urefu wa kilomita 15 hivi, nacho hujifunika wingu la gesi na vumbi lenye upana wa maelfu ya kilomita. Darubini ya ardhini haikioni. Sasa mtu atajuaje kinajizungusha kwa kasi gani?

Njia aliifungua mwanaastronomia Fred Whipple. Mwaka 1950 alieleza kwamba kiini ni donge la barafu iliyochanganyika na vumbi. Jua likipiga mahali penye barafu, mvuke hufumka na kubeba vumbi; donge likigeuka, mahali hapo huingia gizani na mfoko hupungua. Ukizisoma pete na mikondo ya vumbi inayoachwa na mifoko hiyo, unaweza kukisia muda wa mzunguko. Whipple alijaribu hata kwa michoro ya nyotamkia ya Donati ya mwaka 1858, akapata saa 4.6. Mbinu yake ya pete ilikuja kutiliwa shaka, lakini wazo lilibaki.

Miaka ya 1980 Zdenek Sekanina na Stephen Larson walizitoa picha za 1910 makabatini, wakaziingiza kwenye kompyuta na kuufuta mng'ao wa katikati mpaka mikondo ya vumbi ikajitokeza. Jibu lao: siku mbili hivi. Halley iliporudi mwaka 1986, Robert Millis na David Schleicher wa Lowell Observatory, Arizona, walipima mng'ao wake wakaona unapanda na kushuka kila baada ya siku 7.4. Zogo likazuka. Chombo cha anga cha Giotto kilipita umbali wa kilomita 600 hivi Machi 14, kikaonyesha umbo refu la kiini, ila kilipita kasi mno kuamua ugomvi.

Ilipofika 1991, Michael Belton na wenzake walionyesha kuwa kiini hakizunguki kwenye mhimili mmoja. Huyumba kama pia: ncha zake ndefu huzunguka kwa siku 3.7 hivi, huku mwili ukijiviringisha kwa takriban siku 7.

Kwa maoni yangu, sehemu ya zogo ilikuwa jiografia. Darubini moja hukatwa na mchana, na mizunguko tofauti huweza kutoshea vipimo vilevile vyenye mapengo. Arizona iko nyuma ya Kenya kwa saa 10. Kwao kukipambazuka, kwetu giza liko njiani. Tena ikweta hupita kati ya Nkubu na mji wa Meru, kwa hiyo anga zote mbili, ya kaskazini na ya kusini, zinaonekana. Halley itakaribia jua tena Julai 2061. Kazi ya kuzitafuta saa zinazokosekana inahitaji darubini ya kawaida, kamera, na kilima kinachopita juu ya ukungu wa Julai.