MJI KASORO BAHARI, SEHEMU YA 6: BABU MJERUMANI NA PASIPOTI



Tangu niandike ile sehemu ya reli na Morningside, kuna swali limenijia pembeni kuliko yote: "Nesi, bibi yetu mlimani alikuwa chotara wa Kijerumani. Je, sisi wajukuu tunaweza kudai uraia wa Ujerumani?"

Jibu fupi: kwa babu wa enzi za boma, karibu kila mara hapana. Kwa baba aliyekuja huku miaka ya baadaye, huenda ndiyo, na siku zinahesabika. Jibu refu ndiyo historia yetu ya leo, kwa hiyo vuta kiti.

Reli ilianza kujengwa kutoka Dar mwaka 1905 na ikafika Morogoro 1907. Ikaleta mafundi, maofisa na wenye mashamba, wengi wao wanaume waliokuja bila wake. Yaliyofuata hamhitaji nesi awaeleze. Agosti 1916 majeshi ya Smuts yakaingia mjini, Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini, wakiuzunguka mlima. Baada ya vita Waingereza wakawarudisha kwao. Watoto wakabaki na mama zao.

Sasa sheria. Ile ya uraia ya Ujerumani ilipitishwa Julai 1913 na kuanza kazi Januari 1914. Inasema mtoto wa ndoa anafuata uraia wa baba, mtoto wa nje ya ndoa anafuata wa mama. Utasema basi, si wangefunga ndoa tu? Wangefungia wapi! Ndoa za Wazungu na Waafrika zilishapigwa marufuku Afrika ya Kusini Magharibi, yaani Namibia ya leo, mwaka 1905, na hapa kwetu 1906. Ndoa ya kimila haikuhesabika kabisa. Mei 1912 Bunge lao lilipiga kura kutaka ndoa hizo zitambuliwe, serikali ikakaa kimya.

Yaani kwanza wanamzuia baba kuoa, halafu wanamwambia mtoto huna haki kwa sababu babako hakuoa. Na yule mama ambaye mtoto anaambiwa amfuate, yeye mwenyewe alikuwa na uraia gani? Hakuwa nao. Alikuwa chini ya bendera ya Kaisari, analipa kodi ya Kaisari, lakini kwenye vitabu vyao aliandikwa "mwenyeji" tu.

Hapa Waluguru wenzangu najua mnatabasamu. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama tangu enzi na enzi. Shamba linapita huko, wajomba ndio wenye neno. Mjerumani na Mluguru walisema maneno yaleyale: huyu ni wa mama yake. Mluguru aliyasema ili mtoto apate pa kulima. Mjerumani aliyasema ili mtoto asije akagonga mlango. Nadhani ndiyo maana huku mlimani machotara wale hawakuwa kabila la peke yao. Waliingia kwenye koo wakatulia, na jina la yule babu likafifia.

Usidhani shida ilikuwa ni kukosa cheti cha ndoa tu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikuwa akifundisha Kiswahili Berlin kuanzia 1900. Mwaka 1904 alimuoa Mjerumani, Bertha Hilske, kwa ndoa halali ya kule kule. Walipopanda meli kuja huku, serikali ya gavana Götzen ikawakatalia kushuka na kuishi kama mume na mke. Wakarudi na meli. Mtoro alifia Berlin mwaka 1927, hakuiona tena Bagamoyo. Cheti walikuwa nacho, jamani!

Na wajukuu wa askari mnaouliza, nanyi someni hapa. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 127, uliwaweka wenyeji wa makoloni chini ya ulinzi wa serikali mpya zilizowatawala. Kwa hiyo utumishi wa babu haukuzaa uraia. Mahjub bin Adam, aliyejulikana Ujerumani kama Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar 1904, akaitumikia bendera ile vitani akiwa bado mtoto. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake. Hakulipwa. Wanazi walimkamata 1941, akafia kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944.

Haya, twende kwa wale wenye nafasi. Agosti 2021 Ujerumani ilirekebisha sheria yake. Kama ulizaliwa baada ya tarehe 23 Mei 1949, na hukupata uraia kwa sababu baba yako Mjerumani hakumuoa mama (kwa waliozaliwa kabla ya Julai 1993), au kwa sababu Mjerumani alikuwa mama badala ya baba (kwa waliozaliwa kabla ya 1975), unaweza kuupata kwa tamko. Watoto wako nao wanaweza. Mwisho ni tarehe 19 Agosti 2031. Unaanzia ubalozini Dar. Nawafikiria watoto wa wale mainjinia, madaktari na wafanyakazi wa kujitolea wa miaka ya sitini hadi themanini. Mpo, tunafahamiana.

Kinachowakwamisha ni karatasi. Nikijaza tangazo la kizazi wodini, sehemu ya jina la baba mara nyingi mama ananiambia acha tu. Namwelewa. Lakini Mjerumani anataka ubaba unaotambulika kisheria, siyo pua na rangi ya macho. Kwa hiyo tafuteni barua, vitabu vya ubatizo vya misheni, cheti cha RITA, sasa hivi wakati wazee wenye kumbukumbu bado wapo.

Kabla hujasaini, jua pia kwamba Ujerumani inaruhusu uraia pacha tangu Juni 2024, ila Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Ukichukua wa kwao kwa hiari yako, wa huku unaupoteza. Hadhi maalum kwa diaspora inazungumzwa sana, lakini hadhi siyo uraia. Mwenye shamba la ukoo kule juu akae kwanza na wajomba zake, awaulize litakuwa la nani akiwa na pasipoti nyekundu mkononi.

Sehemu ya 7 Jumapili nikitoka zamu ya usiku.