Arcueil: Mji wa Matao na Washairi

Kusini kidogo ya Paris, katika bonde la mto Bièvre, upo mji mdogo uitwao Arcueil. Jina lake limenivutia kwa muda mrefu, kwani asili yake ni neno la Kilatini *arcus*, yaani tao. Matao hayo yalijengwa na Warumi ili kuvusha bondeni mfereji wa kupeleka maji Lutetia, ndiyo Paris ya leo. Mfereji ulikauka, matao yakabomoka, jina likasalia.

Mwaka 1549 mwalimu Jean Dorat na wanafunzi wake walitoka Paris kwenda kutembea huko. Miongoni mwao alikuwemo Pierre de Ronsard, kijana wa miaka 25 hivi. Zama hizo elimu ya juu ilisomeshwa kwa Kilatini, na wengi waliiona lugha ya nyumbani kuwa haifai kubeba fikra nzito. Mwaka huohuo Joachim du Bellay, mwenzao, alitoa kitabu cha kukitetea Kifaransa. Dorat aliisifu chemchemi ya Arcueil kwa Kilatini. Ronsard akaisimulia safari ile kwa shairi la Kifaransa. Jina la mji aliliandika Hercueil, kana kwamba latokana na Hercules, shujaa wa ngano za Wayunani.

Matao yanayoonekana leo hawakuyaona wao. Mwaka 1613 Mfalme Louis XIII, angali mtoto, aliweka jiwe la msingi la mfereji mpya ulioamriwa na mama yake, Marie de Médicis. Maji ya Rungis yakafika Paris mwaka 1623. Katika karne ya 19, mhandisi Eugène Belgrand hakuyavunja matao hayo. Aliyapandishia safu nyingine juu yake, ipitishe maji ya chemchemi za Vanne, ambayo Paris inayanywa hata sasa.

Naona Ronsard alifanya vivyo hivyo. Hakuibomoa elimu ya mwalimu wake. Aliikanyaga kama msingi, akapandisha juu yake tao la lugha aliyoinyonya kwa mamaye. Sisi tunaobishana kila uchao juu ya maneno ya kukopa katika Kiswahili, tuna la kujifunza Arcueil: hoja si nani aliyechonga jiwe la chini, bali kama maji yanafika.