Buyenzi: Ujirani, Lugha na Amani katika Kitongoji cha Bujumbura

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya Buyenzi, mtaa uliopangwa na utawala wa Wabelgiji pembezoni mwa mji wa Usumbura, ambao leo ni Bujumbura, kwa ajili ya watu walioitwa Waswahili. Hoja kuu ni kwamba mshikamano wa mtaa huo haukutokana na hulka ya pekee ya wakaazi wake. Ulijengwa na hadhi yao ya kisheria, umbo la viwanja vyao, lugha yao na namna yao ya kupata riziki. Makala inaonyesha pia mipaka ya mshikamano huo, hasa mwezi Machi 1995, na inahitimisha kwa mafunzo yanayowahusu wapangaji wa miji na watunga sera katika Afrika ya Mashariki.

1.0 Utangulizi

Historia ya Burundi imeandikwa zaidi kwa kutazama milima yake, ufalme wake na mgawanyiko wa Wahutu na Watutsi. Miji imepewa nafasi ndogo, na mitaa ya miji nafasi ndogo zaidi. Matokeo yake ni kwamba swali moja muhimu limekosa uzito unaostahili: katika miaka ya 1990, wakati mitaa mingi ya Bujumbura ilipokuwa ikigeuka mmoja baada ya mwingine kuwa ya kabila moja, ni kwa nini Buyenzi iliendelea kuwa na watu wa asili mbalimbali?

Buyenzi inayozungumziwa hapa isichanganywe na eneo la milimani la kaskazini mwa Burundi lenye jina hilohilo. Ni mtaa wa tambarare, kusini mwa mto Ntahangwa, unaopakana na Bwiza na usio mbali na mtaa uliojulikana kama wa Waasia. Ulipoanzishwa ulikuwa nje ya mji wa Wazungu. Mji umekwisha kuuzunguka, lakini mtaa haujaacha tabia za kitongoji: watu wanajuana kwa majina, kwa nasaba na kwa namba ya barabara wanayokaa.

2.0 Asili ya wakaazi

Waswahili wa Bujumbura hawakutoka mahali pamoja. Kiini chao ni watu wa misafara ya karne ya 19 iliyopita Ujiji na kuvuka ziwa Tanganyika. Miongoni mwao walikuwamo wafanyabiashara wa pwani, wapagazi, watu waliotoka utumwani, na wengi waliojulikana kama Wamanyema kutoka mashariki ya Kongo. Kuingia kwao Burundi hakukuwa rahisi. Mfanyabiashara mwenye nguvu wa Ujiji, Mohamed bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, alijaribu kupenya katika ufalme wa Mwami Mwezi Gisabo na akazuiwa. Kwa hiyo Waswahili walibaki kandokando ya ziwa, na bara ilibaki mikononi mwa Mwami na baganwa, yaani machifu wa ukoo wa kifalme.

Wajerumani walipoweka kituo cha kijeshi Usumbura mwishoni mwa karne hiyo, walikuja na askari, makarani na wakalimani waliotumia Kiswahili. Mwaka 1903 Mwezi Gisabo alilazimika kukubali mamlaka yao kwa makubaliano ya Kiganda. Tangu hapo Kiswahili kilikuwa lugha ya boma, ya soko na ya kambi ya askari. Wabelgiji waliuteka mji mwaka 1916 katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakakuta ukingoni mwa ziwa jamii yenye lugha, dini na mavazi yaliyoitofautisha na wakulima wa milimani.

Tofauti hiyo iliingia katika Kirundi. Neno umuswahili halikutaja lugha peke yake; lilimaanisha pia Mwislamu, mtu wa mji, na mara nyingi mtu mjanja asiyeaminika. Dhana hiyo ina umuhimu katika hoja ya makala hii, kwa sababu jamii iliyodharauliwa kwa jina moja ilipata sababu ya kuishi kama kitu kimoja.

3.0 Mtaa ulio nje ya mila

Utawala wa Wabelgiji uliwatazama Waswahili kwa mashaka. Serikali iliitegemea mikono yao katika biashara, ufundi na uchukuzi, lakini iliona Uislamu na Kiswahili kuwa vizuizi kwa mpango wake wa kutawala kupitia machifu na kuelimisha kupitia misheni. Suluhisho lilikuwa kuwatenga. Mfumo wa vituo vya mjini vilivyo nje ya mamlaka ya kimila uliwekwa Kongo kwa amri ya mwaka 1931, na baadaye ukatumika katika Ruanda-Urundi. Huko Usumbura mfumo huo uliigusa mitaa miwili jirani: kijiji cha Waswahili, yaani Buyenzi, na kile kilichoitwa Belge, yaani Bwiza.

Kisheria, mkaazi wa kituo kama hicho hakuwa chini ya chifu wa milimani. Alikuwa chini ya mkuu wa kituo, baraza lake na mahakama yake, vyote vikisimamiwa na afisa wa kikoloni. Nia ya serikali ilikuwa udhibiti, lakini matokeo yalikwenda mbali zaidi ya nia. Katika nchi ambayo utawala ulikuwa ukiwapanga watu kwa kabila na kuwagawia nafasi za uongozi na elimu kwa kipimo hicho, Buyenzi ilikuwa mahali ambapo mtu alitambuliwa kwanza kwa makazi yake. Mrundi aliyetoka milimani akahamia huko, akasilimu au akaoa, aliweza kuitwa Mswahili, na watoto wake wakakua wakijiita hivyo. Utengano uliokusudiwa kuwadhoofisha wakaazi uliwapa utambulisho uliokuwa wazi kwa mgeni.

4.0 Kiwanja, ua na ujirani

Mtaa ulipangwa kwa mistari iliyonyooka. Barabara zake zilipewa namba badala ya majina, na hadi leo mtu hujieleza kwa namba hizo. Viwanja vilikuwa vidogo. Kadiri familia zilivyoongezeka, vyumba viliongezwa kuuzunguka ua mmoja, na vingine vikapangishwa. Hivyo mwenye nyumba, wapangaji wake na jamaa waliotoka Uvira, Rumonge au Kigoma walijikuta wakitumia ua mmoja, bomba moja la maji na choo kimoja.

Umbo hilo la makazi lilikuwa na kanuni zake. Ugomvi wa ndani haukuweza kufichika, kwa hiyo wazee walizoea kuusuluhisha mapema. Mtoto aliyekosea aliweza kuonywa na mtu mzima yeyote. Msiba ulikuwa wa barabara nzima, kwa kuwa maziko ya Kiislamu hayangoji na mikono ya ukoo mmoja haitoshi. Harusi ilihitaji masufuria, mikeka na wapishi wa nyumba za jirani. Wasiokuwa Waislamu hawakuwekwa kando ya shughuli hizi. Methali isemayo kuwa undugu ni kufaana, si kufanana, inaeleza vizuri mpangilio wa maisha ya mtaa wa aina hii.

Riziki nayo iliwafunga watu pamoja. Buyenzi ilijulikana kwa mafundi wake: makanika, wachomeleaji, maseremala, mafundi cherehani na wauzaji wa vipuri vya magari. Kazi nyingi hufanyika kando ya barabara, mbele ya macho ya wote. Gari moja huweza kupita mikononi mwa fundi injini, fundi umeme na mpaka rangi kabla ya kurudi kwa mwenyewe. Mnyororo huo hauendeshwi kwa mikataba ya maandishi; huendeshwa kwa kuaminiana. Fundi anayemtenga mwenzake kwa sababu ya asili yake hupunguza soko lake mwenyewe.

5.0 Siasa za uhuru

Ni makosa kuudhania mtaa huu kuwa ulijitenga na siasa. Mwana wa mfalme Louis Rwagasore alipoanzisha ushirika wa wafanyabiashara mwaka 1957, aliwapata miongoni mwa Waswahili wa Usumbura wafuasi wa mapema na wenye bidii. Walikuwa na sababu ya kumuunga mkono. Elimu ya misheni iliwaacha nje, mikopo haikuwafikia, na cheo cha chifu hakikuwa chao. Chama cha UPRONA kiliwapa nafasi ya kuwa wananchi badala ya wageni wanaovumiliwa. Uhusiano wao na Ujiji na Kigoma uliwafanya pia wazifahamu harakati za TANU kwa lugha yao wenyewe, bila kuhitaji mkalimani.

Katika uchaguzi wa Septemba 1961 UPRONA ilishinda viti 58 kati ya 64. Tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo Rwagasore aliuawa. Mwezi Januari 1962, kabla ya uhuru wa tarehe 1 Julai, vijana wa tawi la chama hicho walihusika katika mauaji ya viongozi wa Kihutu huko Kamenge, mtaa mwingine wa pembezoni mwa mji huohuo. Tukio hilo lilitangulia mengi yaliyofuata. Lilionyesha kwamba mitaa ya Bujumbura ingeweza kugeuzwa kuwa kambi za kisiasa.

Ahadi ya uraia nayo haikutimia kikamilifu. Uasi wa mashariki ya Kongo wa miaka ya 1964 na 1965 uliwaleta wakimbizi wapya Burundi, na jambo hilo liliongeza mashaka ya dola juu ya kila mwenye asili ya Kongo. Familia zilizokaa Bujumbura kwa vizazi kadhaa ziliweza kuulizwa tena zilikotoka.

6.0 Vita na mipaka ya ujirani

Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na nchi ikaingia katika vita. Bujumbura iligawanyika kwa mitaa. Ngagara, Nyakabiga na Musaga zikawa za Watutsi. Kamenge na Kinama zikajulikana kuwa za Wahutu, na Kamenge ikatwaliwa na jeshi na kubaki bila wakaazi wake mwaka 1995. Katikati ya ramani hiyo, Bwiza na Buyenzi zilibaki kuwa mitaa ya mchanganyiko. Watu walikwenda huko kununua, kutengeneza magari, kupata usafiri na kupata hifadhi.

Hifadhi hiyo haikuwa kamili. Mwishoni mwa Machi 1995 mashambulizi yaliikumba mitaa yote miwili. Watu wengi waliuawa na maelfu walivuka mpaka kwenda Uvira. Bwiza ilipoteza sehemu kubwa ya mchanganyiko wake. Buyenzi iliumia pia, lakini haikugeuka kuwa ya kabila moja.

Tofauti ya matokeo katika mitaa miwili inayopakana inahitaji maelezo. Yote miwili ilizaliwa na sera moja ya kikoloni, na yote miwili ilikuwa maskini. Lakini katika Bwiza wakaazi wengi walikuwa wahamiaji waliodumisha uhusiano wao na milima ya asili. Katika Buyenzi palikuwa na utambulisho wa tatu, wa Uswahili, ambao haukumtaka mtu achague upande kabla ya kuulizwa salamu. Palikuwa pia na misikiti ambamo Mhutu na Mtutsi walisimama katika safu moja, na ndoa zilizofanya swali la kabila la mtoto kuwa gumu kujibu. Mambo haya hayakuweza kuzuia risasi iliyotoka nje ya mtaa. Yaliweza kuzuia jirani asimtoe jirani yake.

7.0 Mtaa wa leo na mafunzo yake

Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kimepata heshima mpya. Lugha iliyokuwa alama ya ujanja wa mjini sasa inafundishwa shuleni. Hata hivyo, mtaa ulioihifadhi lugha hiyo unakabiliwa na hatari ambazo hazitokani na siasa ya kabila. Mto Ntahangwa unakula kingo zake na kubomoa nyumba zilizo karibu nao. Soko kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, wafanyabiashara walihitaji mahali pengine, na shinikizo liliongezeka katika masoko ya mitaani, likiwamo la Ruvumera. Thamani ya ardhi iliyo karibu na kitovu cha mji humfanya mrithi ashawishike kuuza kiwanja ambacho babu yake alikigawa kwa wapangaji wanane.

Mafunzo matatu yanajitokeza. Kwanza, wapangaji wa miji wasihesabu ua wa pamoja kuwa dalili ya umaskini tu. Maji safi, vyoo na mifereji vinaweza kuboreshwa bila kuuvunja. Pili, familia zinazohamishwa kwa sababu ya mmomonyoko zihamishwe pamoja na majirani zao kila inapowezekana. Familia moja moja ikitawanywa, nyumba hupatikana lakini ulinzi wa ujirani hupotea. Tatu, sera ya Kiswahili isiishie darasani. Inapaswa kuwatambua wazungumzaji ambao wamekitumia kwa zaidi ya karne moja bila kupewa cheti, na kuondoa mashaka juu ya uraia wao.

8.0 Hitimisho

Historia ya Buyenzi haithibitishi kwamba watu wa mtaa mmoja hupendana daima. Inathibitisha jambo lenye manufaa zaidi kwa mtunga sera: kwamba ujirani hujengwa na vitu vinavyoonekana, kama vile ukubwa wa kiwanja, mahali pa bomba, lugha ya mnada na kanuni ya nani anahesabiwa kuwa mwenyeji. Utawala wa kikoloni uliviweka baadhi ya vitu hivyo kwa nia ya kutenga, na wakaazi wakavitumia kuungana. Serikali za leo zinaweza kuvilinda kwa nia njema, au kuviondoa kwa kutojua, na kuja kuulizia vilikokwenda siku ambayo vitahitajika tena.