Subira na Tadbiri: Mailoma ya Umri wa Makamo katika Ufuko wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Miongoni mwa fadhila ambazo watu wa nchi hizi wamezisifu tangu kale, hapana iliyotajwa mara nyingi kando ya kitanda cha mgonjwa kuliko subira; na ni insafu isifiwe, kwa kuwa maradhi mengi tuliyoyazoea, tangu homa ya mbu hata tumbo la kuhara, ama humwondoa mtu upesi ama humwacha akaamka, na katika muda huo mfupi mgonjwa akishameza dawa hana kazi nyingine ila kungoja. Lakini yapo maradhi ambayo hayamwui mtu upesi wala hayamwachi, na ambayo kila siku inayopita pasipo jambo kufanywa humzidishia hasara. Katika makala haya nadai kwamba subira inayompasa mtu wa makamo aliyepatikana na mailoma, yaani saratani ya uloto, hususan akiwa mkazi wa Kyela na vijiji vya ufukoni mpaka Matema, ni subira yenye tadbiri: kazi inayoanzwa mapema, kwa maarifa, na kugawanywa baina ya watu wengi, hata ule ushujaa wa moyo ambao kila ajaye kumjulia hali humwusia ukawa ni sehemu yake ndogo tu.

Yafaa kwanza tuutambue ugonjwa wenyewe. Ndani ya uboho wa mifupa, ambao matabibu wetu huuita uloto, huzaliwa chembe za damu, na humo pia hukaa seli za plazima ambazo kazi yake ni kutengeneza protini za kuukinga mwili. Katika mailoma ukoo mmoja wa seli hizo huasi, ukazaana pasipo kiasi na kumwaga damuni protini ya namna moja isiyo na manufaa. Madhara yanayofuata ni manne: mifupa hulika hata ikavunjika kwa sababu hafifu, kalsiamu iliyotoka mifupani huzidi katika damu, ikaleta kiu, kufunga choo na kuchafuka kwa akili, damu yenyewe hupungua, na figo huelemewa kwa kuchuja protini hizo. Hakuna hata leo dawa inayotarajiwa kuung'oa kabisa, ila zipo za kuuzuia kwa miaka. Na desturi yake ni kumpa mgonjwa nafuu, kisha ukarejea.

Desturi hiyo ilionekana tangu mmoja wa wagonjwa wa mwanzo ambao habari zao zimeandikwa. Thomas McBean, mwenye duka la vyakula mjini London, mtu wa miaka 45, alihisi mwaka 1844 kama kitu kimekatika kifuani mwake. Akaumwa, akadhoofu, akatibiwa kwa chuma na kwinini, na katika kiangazi cha mwaka 1845 akapata afueni kubwa hata akaweza kutembea katika vilima vya Uskoti mchana kutwa. Kabla mwaka haujaisha maumivu yakamrudia, mkojo wake ukapelekwa kwa tabibu Henry Bence Jones, ambaye jina lake limebakia katika protini aliyoichunguza humo, na tarehe 1 Januari 1846 mgonjwa akafariki. Anayesoma habari hii akiwa Kyela hawezi kukosa kuitambua, kwa kuwa vidonge vya kuongeza damu na dawa za homa ndivyo alivyopewa McBean, na ndivyo apewavyo hadi leo mtu yeyote aliyechoka na kupauka katika zahanati za bonde hili. Basi kuchelewa kugunduliwa si fedheha ya mkulima asiyesoma. Ugonjwa huu uliwapita matabibu wa mji mkuu wa dola kubwa, kwa kuwa hujivika mavazi ya maradhi yaliyozoeleka.

Na mavazi hayo katika bonde la Kyela ni mengi. Nchi hii iko chini, takriban mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, imezungukwa na milima ya Livingstone na miinuko ya Rungwe, na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka humo ikaleta rutuba na mafuriko kwa pamoja. Ndiyo sababu mpunga wake una sifa nchi nzima, na kakao na michikichi hustawi, na ndiyo sababu pia malaria, safura na kichocho havijaondoka. Mtu wa miaka hamsini akipungukiwa damu, aghalabu husemwa ni malaria. Akiumwa mgongo, husemwa ni kuinama katika majaruba. Mkojo ukibadilika, husemwa ni kichocho. Kila neno katika hayo lina ukweli wake, na mara nyingi huwa ndiyo kweli yenyewe, na kwa hiyo hapana anayelaumiwa kwa kulisema. Hatari huja pale mgonjwa anapojitibu mgongo kwa miezi mingi kwa diklofenaki ya duka la dawa, ambayo ina madhara makubwa kwa figo ambazo mailoma imekwisha kuzidhoofisha. Tadbiri ya kwanza, basi, ni ya kitabibu na haina gharama kubwa: mtu aliyevuka miaka arobaini, ambaye mifupa inamwuma wiki baada ya wiki hata akilala, na damu yake inapungua ilhali kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, apimwe wingi wa damu, figo na kalsiamu, na apigwe picha ya eksirei. Vipimo hivyo havitoi hukumu ya mwisho, kwa kuwa hukumu yataka uchunguzi wa protini za damu na wa uloto wenyewe, lakini hutosha kumfanya tabibu wa wilaya aandike barua ya rufaa.

Mailoma katika nchi tajiri ni maradhi ya wazee, na wengi huambiwa wanayo wakiwa wamekaribia miaka sabini. Huko Marekani imethibitika kwamba watu weusi huipata takriban mara mbili zaidi kuliko weupe, tena wakiwa na umri mdogo kuliko wao. Na katika hospitali nyingi za Afrika wanaofika nayo ni aghalabu watu wa miaka ya hamsini, au hata ya arobaini. Pengine sehemu ya tofauti hiyo yatokana na uchache wa wazee katika mataifa yetu, na msomi hana budi kulikumbuka hilo kabla ya kutoa hukumu. Hata hivyo kwa nyumba iliyopatwa, sababu haipunguzi uzito. Mtu wa makamo ndiye nguzo ya kati: juu yake wako wazazi wanaotunzwa, chini yake wako watoto wanaosomeshwa, na kando yake liko shamba linalojua mikono yake. Mzee akiugua, nyumba hupoteza ushauri wake. Mtu wa makamo akiugua, nyumba hupoteza ushauri, fedha na nguvu kwa siku moja.

Wanyakyusa wa kale walilifikiri kwa kina jambo hili la kizazi kimoja kukipisha kingine. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti miongoni mwao baina ya mwaka 1934 na 1938, wameeleza jinsi vijana walivyojenga vijiji vyao kwa marika, na jinsi ubusoka, sherehe kubwa iliyofanywa mara moja katika kila kizazi, ulivyowakabidhi watoto ardhi na mamlaka ya baba zao kwa taadhima na mbele ya mashahidi. Lengo langu si kuhuisha sherehe hiyo, ambayo zama zake zimepita, ila kuonyesha kwamba makabidhiano yalihesabiwa kuwa kazi ya jamii yenye wakati wake, na hayakuachwa yatokee kwa ghafla ya mauti. Mailoma humlazimisha mtu kufanya makabidhiano kabla ya wakati, na kwa rehema isiyopatikana katika kila maradhi, aghalabu humpa miezi au miaka ya kuyafanya. Ni nani atakayesimamia kakao siku za hospitali? Mpaka wa shamba unajulikana na nani, na umeandikwa wapi? Ada ya mtoto wa sekondari italipwa kwa mazao gani? Maswali haya yakijibiwa mgonjwa angali anatembea, mkewe au mumewe hatabaki kugombana na shemeji juu ya kaburi, naye mwenyewe hupata utulivu ambao maneno matamu ya kumliwaza hayawezi kumpa.

Lakini makabidhiano hayafanyiki palipo na siri. Desturi iliyoenea, na ambayo asili yake ni huruma, ni ndugu kuitwa kando na kuambiwa jina la ugonjwa, ilhali mwenye mwili anaambiwa ni mifupa tu na atapona. Waliotaka kumsitiri humnyima njia ya kuamua mambo yake. Naye hushangaa kwa nini dawa haziishi, akaziacha siku anapojisikia nafuu, na kumbe nafuu hiyo ni ileile iliyomdanganya McBean. Liko pia swali la pili, ambalo halisemwi hospitalini lakini husemwa barazani: ni nani aliyemfanyia? Monica Wilson aliandika kwamba Wanyakyusa waliamini pumzi za majirani wenye hasira huweza kumwangusha mkosaji, na kwamba dawa yake ilikuwa kusema wazi chuki na kupatana. Katika imani hiyo palikuwamo hekima, nayo ni kuuhesabu ugonjwa wa mtu mmoja kuwa shughuli ya kijiji kizima. Ila ikigeuzwa kuwa msako wa mchawi humwacha mgonjwa peke yake na kumwongezea mwenye kushukiwa adha isiyomhusu. Mwalimu Nyerere alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, taifa zima lilijua kwamba ni saratani ya damu iliyomwondoa, wala heshima yake haikupungua hata chembe. Likiwezekana kwa Baba wa Taifa, lawezekana kwa baba wa nyumba ya Ipinda, hapa Kyela.

Yabaki suala la safari na fedha, ambalo ndilo huvunja azma za wengi. Kutoka Kyela hadi Mbeya, kupitia Tukuyu, ni zaidi ya kilomita 100, na kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya 800. Huko ndiko iliko Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyorithi jengo la hospitali ya Wajerumani wa mwisho wa karne ya 19 na kufanywa taasisi ya saratani kwa sheria ya mwaka 1996. Na huko ndiko Hospitali ya Taifa Muhimbili ilikoanza kupandikiza uloto mwaka 2021. Kwa wasiofikia upandikizaji, zipo dawa za kale zilizopatikana katika miaka ya 1950 na 1960, melfalani na jamii ya prednisoloni, na thalidomidi ambayo manufaa yake kwa mailoma yalidhihirika mwaka 1999, ila ni mwiko kwa mwanamke mwenye mimba kwa jinsi inavyoharibu viungo vya mtoto. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeahidi wepesi, na ahadi hiyo yastahili kudaiwa. Lakini bima hailipi nauli, wala chakula cha ndugu anayemwuguza, wala kibarua atakayepalilia mpunga.

Hapa nasema neno ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wasomaji. Vijiji vyetu hukusanya michango ya msiba kwa haraka na ukarimu wa ajabu. Ng'ombe huchinjwa, turubai hukodiwa, mabasi hujazwa. Ukarimu huohuo, ukitolewa miaka miwili kabla, ungemfikisha marehemu kliniki kila mwezi. Si uhaba wa mapenzi uliotuzuia, ni mazoea ya kuuona msiba kuwa wajibu wa wote na matibabu kuwa siri ya nyumba. Vikoba, vyama vya ushirika vya kakao, jumuiya za makanisa na misikiti, vyote vina daftari na mweka hazina. Kilichopungua ni kifungu cha maradhi ya muda mrefu katika katiba zao.

Atasema mpinzani kwamba mipango yote hii haiongezi uhai, na kwamba palipo kudra ya Mungu tadbiri ya mja haifai kitu. Jibu la kwanza ni kwamba dini zetu hazikupata kufundisha kuwa tawakali ni kuacha sababu. La pili ni kwamba uhai hauhesabiwi kwa siku pekee. Maumivu ya mifupa iliyovunjika yaweza kutulizwa kwa mofini ya maji, ambayo si ghali, na kwa huduma ya tiba shufaa, ambayo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri limekuwa likiieneza katika hospitali zake. Mtu aliyetulizwa maumivu huweza kusali, kusuluhisha ugomvi wa zamani, na kumfundisha mwanawe kukausha kakao. Lakini hata dawa hiyo humfikia yule tu ambaye ugonjwa wake umetajwa kwa jina, barua yake imeandikwa, na ndugu yake amepewa nauli.

Kwa hiyo tunapomwusia mgonjwa wa mailoma kwamba asubiri, na tujiulize tumempa nini cha kusubiria. Wilaya impe vipimo kabla figo hazijafa, tabibu ampe ukweli, chama kimpe nauli, na ndugu wamwondolee shamba mabegani. Hapo wasia wetu utakuwa na haki ya kusikilizwa. Pasipo hayo, kumwambia avumilie ni kumtwika yeye peke yake deni ambalo ni letu sote.